Hadithi za Mchana

Jirani yetu mzee pale Nakivale, kambi ya wakimbizi kando ya ziwa, alisimulia hadithi mchana kweupe, jambo ambalo kwetu hakuna aliyelithubutu, maana tuliambiwa msimuliaji wa mchana huota pembe. Yeye alicheka tu, akagusa upara wake: "Haya, tafuteni pembe hapa." Jua likianza kuzama alinyamaza, hata kama fisi ameshamshika sungura mkia. Alisimulia huku akisokota kamba za katani, vidole vikienda vyenyewe, macho hayatoki midomoni mwetu. "Mko?" aliuliza kila mara, nasi tukaitika, "Tuko!" Asiyeitika alimjua papo hapo. Lakini ukimsalimia ukiwa nyuma yake, hakujibu. Tulisema ni maringo ya uzee.

Halafu mwaka wa themanini na mbili, wakati kila mtu anaogopa bunduki, tairi la lori lililotoka Kabazana likapasuka nyuma ya mzee akiwa katikati ya hadithi. Mlio ule ulifika mpaka ng'ambo ya ziwa. Sote tulijitupa chini, watoto wakapiga mayowe. Mzee aliendelea kumwigiza fisi, kisha akatuona tumelala kifudifudi, akakasirika. "Kwa nini nyinyi mnalala? Hadithi bado!"

Miaka yote ile, macho yake midomoni mwetu! Zuhurah, mke wa muuza chumvi wa Mbarara, ndiye aliyeinuka kwanza. Alimtazama mzee usoni, akafungua mdomo wote, akaitika "Tuko" bila kutoa sauti hata kidogo. Mzee akaridhika, akaendelea na fisi wake.