Maji ya Sukari na Chumvi

Ukiniuliza katika umri wangu wote nilijua kitu gani vizuri, nitakutajia viwili: kushona viatu, hasa akala za matairi, na kutengeneza maji ya sukari na chumvi. Viatu nilifundishwa sokoni Kariokor na baba mkwe, Mungu amrehemu, mtu aliyekuwa mkali hata kwa msumari. Maji nilifundishwa kliniki, mwaka ule kipindupindu kilipoingia kwetu Shauri Moyo na bomba la ploti, ua wetu wa wapangaji, likawa linatoa maji yenye rangi ya chai. Nesi alipanda juu ya benchi akatuonyesha. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Koroga, onja, yasizidi chumvi ya machozi.

Wengi walisahau kabla ya kufika getini. Mimi sikusahau. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini kipimo nikishakishika hakinitoki. Na kwa maji hayo nilimwokoa kijana wa jirani yangu, mama mmoja kutoka magharibi aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Gikomba. Macho ya yule kijana yalikuwa yameshaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Nilimpa kijiko kijiko kutwa nzima, na jioni akadai ugali. Tangu hapo mama yake alikuwa akinipigia kelele kutoka mlangoni kwake: "Daktari wa akala! Umeamkaje?" Ploti nzima ikacheka, nami nikafurahi. Sitasema uongo, nilifurahi sana.

Sasa nije kwa binti yangu. Nilimwoza kwa mtoto wa kaka yangu. Wao walipendana baadaye, lakini mpango ulikuwa wangu mimi na kaka, tuliufunga siku moja tukila haluwa, na hakuna aliyeona ajabu, kwetu binamu kuoana ni jambo la furaha. Mtoto wao wa kwanza aliharisha tangu siku ya pili ya kuzaliwa na hakumaliza mwezi. Wanawake wakasema jicho. Wa pili, msichana, mimi mwenyewe nilimlambisha tende niliyoitafuna, kama desturi, nikamwombea. Siku ya tatu nepi ikaloa maji matupu, na binti yangu akaikunja akaninyooshea.

Safari hii tulikimbilia hospitali kubwa mapema. Wakamtia dripu, wakakataza asinyonye. Nepi ikakauka! Tukashukuru. Wakamrudisha kwenye ziwa la mama, kabla ya saa mbili kupita ikaloa tena. Wakakataza, ikakauka. Hivyo mara tatu. Aliyeliona hilo likamsumbua alikuwa daktari mmoja msichana, mwembamba, viatu vyake vimelika kisigino upande wa nje, nikataka kumwambia avilete Kariokor. Alichukua choo cha mtoto akakichanganya na dawa ya buluu kwenye kichupa, akakipasha moto mbele yetu. Ile buluu ikageuka rangi ya tofali.

"Ni sukari hii, mzee," akasema. "Ya kwenye maziwa ya mama. Imetoka vile vile, haikuingia mwilini."

"Iliingia mdomoni, daktari, niliona."

"Mdomoni si mwilini. Lazima ivuke ukuta wa utumbo. Ukuta ule ni vijumba vidogo vidogo visivyoonekana, na ngozi ya kila kijumba ni mafuta."

Nikamwambia mafuta nayajua. Ngozi ya ng'ombe ukiipaka mafuta ikashiba, maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba.

Akafurahi, akavuta stuli. Akasema sukari ikishayeyuka kwenye maji haiwezi kupenya mafuta yale, kwa hiyo Mungu ameweka milango, na kila mlango umeundwa kwa protini. Mlango huu hauitii sukari peke yake. Unashika sukari na chumvi kwa pamoja, unajigeuza, unazitua upande wa ndani, na maji yanafuata nyuma. Ndiyo maana yale maji yangu yalimwinua kijana wa jirani. Miaka yote nimekoroga kijiko bila kujua kwa nini chumvi iko mle.

"Na huyu wetu?"

"Huyu amezaliwa bila mlango huo, au upo lakini umekosewa, haufiki mahali pake. Sukari inabaki utumboni, inavuta maji ya mwili, yote yanatoka."

Nikafikiria kiatu ambacho fundi amesahau kukitoboa. Kamba unayo, ngozi unayo, hakuna pa kupitisha. Nikamuuliza kama mlango hauwezi kutobolewa. Akatikisa kichwa. Kisha akauliza kama baba na mama wa mtoto ni ndugu. Binti yangu aliinamisha macho, nikajibu mimi. Daktari hakunilaumu. Alisema tu kwamba mlango unajengwa kwa kigezo cha kurithi, kila mtu huwa na viwili; wazazi hawa, kwa kuwa ni ukoo mmoja, kila mmoja ana kimoja kizima na kimoja kibovu, na mtoto amechukua vibovu vyote viwili. Na wa kwanza vilevile, bila shaka. Na watakaofuata, kila mmoja ni bahati yake.

Wageni nao walikuwa wanakuja wodini, na mgonjwa kwetu huendewa na glukosi, sukari ya unga ya kutia nguvu. Pakiti zikajaa kwenye kabati la kitanda. Daktari alizitazama akasema, "Mzee, hizi ndizo sumu yake." Tukazigawa vitanda vingine.

Lakini kulikuwa na njia. Sukari ya matunda ina mlango wake mwingine, na huo mtoto alikuwa nao. Maziwa yake maalumu yalikuwa Ulaya, kwetu hayakupatikana. Daktari akabuni: kuku aliyechemshwa akasagwa mpaka akawa kama uji laini, mafuta kidogo, vidonge vya vitamini, na unga wa sukari ya matunda unaouzwa duka moja la dawa mjini kwa wagonjwa wa kisukari. Alitusisitizia neno moja: akiugua chochote, maji matupu mdomoni na mbio hospitali kwa dripu. Kisha akaenda kusoma ng'ambo.

Binti yangu akakaa naye kwangu, na mtoto akanenepa. Jirani yangu wa omena alikuwa akimbeba akisema, "Huyu anakula kuku kila siku, tajiri wa Shauri Moyo! Sisi tunanusa tu." Akafika miezi mitano, akawa anacheka akiniona nikipiga nyundo.

Siku yenyewe aliamka na joto, na tumbo limeachia. Mambo ya watoto, nusu ya ploti walikuwa nayo wiki ile. Kopo la sukari ya matunda lilikuwa limeisha tangu jana. Binti yangu alitoka saa nne kwenda mjini kulitafuta, mumewe yuko zamu kiwandani. Alisema, "Baba, maji matupu tu. Nikirudi nalo tunakwenda hospitali, wao hawana. Usimpe kitu kingine."

Nikasema sawa.

Saa sita mtoto alikuwa hatoi machozi akilia. Nilimpa maji matupu, akatapika. Midomo ikakauka. Jirani akaingia, akamtazama, akajipiga mapaja.

"Mzee, huyu si amekauka! Unangoja nini?"

"Mama yake amekataza."

"Amekataza nini? Si ni wewe ulimwinua wangu akiwa maiti? Daktari wa akala leo umeogopa?"

Nilikuwa na akili zangu timamu, nataka hilo lijulikane. Maneno ya yule msichana daktari niliyakumbuka yote, hata mlango niliukumbuka. Lakini macho yangu yaliona mtoto aliyekauka, na mikono yangu ilikuwa na jibu moja tu kwa mtoto aliyekauka. Nikajiambia pengine mlango umeshakua, ameshanenepa, pengine kidogo kitapita. Ningeweza kumbeba nikakimbia naye hospitali wakati ule ule. Sikumbeba. Nilikoroga. Jirani akamshika, mimi nikampa kijiko kijiko, na safari hii hakutapika, alikunywa kwa kiu. Tukaangaliana tukatabasamu.

Kisha yakaanza kutoka. Yalipotoka nikaongeza, maana ndivyo tulivyofundishwa juu ya benchi lile: kila akiharisha, mpe tena. Nilimaliza nusu lita.

Binti yangu aliingia saa tisa na kopo mkononi. Aliona bakuli na kijiko. Alichovya kidole, akaonja, akaliweka kopo chini taratibu, akamchukua mwanawe akatoka. Nilimfuata nyuma bila viatu, fundi viatu mzima. Hospitalini walitafuta mshipa mikononi, miguuni, kichwani. Mishipa ilikuwa imelala. Mtoto alikata roho kabla ya adhana ya magharibi.

Matangani, kama ilivyo kwetu, kila anayekuja huja na sukari ya chai ya wafiwa. Kilo, nusu kilo, kaka yangu alileta mfuko mzima. Jirani wa omena naye alileta yake, akaikabidhi mlangoni, hakuvuka kizingiti, na hakuniita tena daktari mpaka alipohama. Siku ya nne watu walipotawanyika, pakiti zilikuwa zimepangwa ukutani kufika kiunoni.

"Baba," binti yangu akasema, na ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ile, "hii yote atakunywa nani?"

Alirudi kwa mumewe Kaloleni wiki hiyo. Hajazaa tena, na sijamuuliza.

Sukari niliisukuma chini ya kitanda pamoja na vipande vya matairi. Sisimizi wakaijua kabla ya wiki kwisha. Walitoka kwenye tundu moja dogo la ukuta, wakabeba punje moja moja, wakarudi nazo ndani. Nilikaa kitandani mchana kutwa nikiwaangalia wanavyopita.