Wimbo Nilioandikisha kwa Jina Langu

Nilipokuwa mwalimu Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, nilikuwa nikisukwa nywele na mama mmoja kutoka Kongo aliyekuwa na kibanda cha mabati nyuma ya shule yetu. Alikuwa akitunga nyimbo huku anasuka. Hakujua kuandika, kwa hiyo aliimba ubeti, akabadilisha neno, akaurudia mpaka umkae kichwani. Jumamosi moja alianza wimbo wa mtu aliyefika ugenini na kiu, akakuta Mungu ametangulia, ameshapanga foleni bombani, jerikeni limejaa. Nilitoa daftari kwenye mkoba.

"Mama, huu nauandika usije ukapotea."

"Andika, mwalimu. Mimi nasahau mingi."

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Lodwar, nikajiunga na kwaya. Walikuwa wanatafuta wimbo mpya wa kurekodi, nami nikawafundisha ule. Kiongozi wa kwaya akaniuliza kama nimeutunga mimi. Nikamjibu, "Ninao siku nyingi." Hakuna neno la uongo hapo, lakini nilijua atakavyolielewa. Wakanipigia makofi.

Studio walitushauri tuuandikishe wimbo kabla mtu hajatuibia. Nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Dada aliyekuwa akinijazia fomu ya hakimiliki kwenye kompyuta alifika mahali akasimama.

"Mtunzi wa maneno ni nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema. Nikamtajia majina yangu yote matatu, herufi kwa herufi, asije akakosea. Cheti kilipotoka nilikitia kwenye karatasi ya plastiki. Tukaurekodi wimbo, mimi nikiwa mwimbaji kiongozi, ukapigwa redioni, ukaimbwa harusini mpaka Lorugum.

Kisha nikaitwa Kakuma kwa semina ya walimu. Mchana nikaenda kwa yule mama. Alinikumbatia, akaniketisha, akaanza kunifumua. Nikamuuliza habari za kanisani kwake.

"Siku hizi siimbe tena," alisema. "Niliimba ile wimbo ya jerikeni siku ya mavuno. Mzee wa kanisa akaniita pembeni. Akasema ile wimbo iko na mwenyewe Lodwar, iko na cheti, nisilete kesi kanisani. Banasema niliiba."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia ni mimi nilitunga. Wakauliza karatasi iko wapi." Alivuta kiti, akanizunguka akanitazama usoni. "Mwalimu, Mungu amekuleta. Wewe uliniandikia. Ile daftari iko bado? Ukiwaonyesha watanisadiki."

Nusu ya kichwa changu ilikuwa imefumuliwa. Nilifikiria kusema daftari limepotea. Neno lilikuwa mdomoni tayari.

"Mama, huyo mwenye cheti ni mimi."

Hakunielewa mara ya kwanza. Ikabidi nirudie na kueleza yote, pamoja na saiba. Kisha akarudi nyuma yangu.

"Inamisha kichwa," alisema.

Akamaliza kunifumua, akanisuka mpaka mwisho, mistari sawasawa kama kawaida yake. Nilipoinuka nilimwahidi kwamba nikifika tu Lodwar nitabadilisha cheti.

"Karatasi utatengeneza. Kwanza kanisa. Jumapili."

Nilimwambia semina inaisha Ijumaa. Akaniambia kutoka Ijumaa mpaka Jumapili ni siku mbili tu, akaanza kufagia nywele.

Nikabaki. Nilisimama mbele ya watu wa kanisa lake nikasema kwamba wimbo ni wa mama huyu, na mwizi ni mimi. Mzee wa kanisa alimwomba radhi mbele ya wote. Mchungaji akamwomba auimbe, naye akatikisa kichwa kukataa.

Lodwar niliwaambia kwaya. Kiongozi wetu alinitazama kwa huzuni, akasema afadhali ningemweleza tangu mwanzo, wangeuimba hivyo hivyo. Hilo liliniuma kuliko kama angenifukuza. Niliapa mbele ya wakili kwamba maneno si yangu, yule mama akaweka alama ya dole gumba lake kwenye hati, na baada ya kusubiri sana kikatoka cheti chenye jina lake peke yake kama mtunzi. Nikampelekea. Aliniomba nimsomee jina lake, nikamsomea. Akasema nisome tena. Kisha akaniaga kwa heshima, na hakuniuliza nitarudi lini.

Redioni bado hunitaja mimi mara kwa mara. Nimewapigia simu, wakasahihisha, wakasahau. Juzi sokoni mwanamke mmoja nisiyemjua alinisimamisha kwa salamu ya Kiturkana. "Ejok, mwalimu! Ule wimbo wako umenibariki sana." Nikamweleza kwamba wimbo una mwenyewe Kakuma, nikamtajia jina. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema, "lakini sauti ile ni yako. Wewe ndiye umeufanya mzuri."

Nilishukuru, nikaondoka haraka asinione uso. Nilikuwa nimefurahi.