Hezekiah Apeleka Mshipa Wake Inspekshen

Ukitoka Nakuru ukaipita Salgaa na kuanza kupanda kuelekea Molo, utafika Sachangwan, na hapo kando ya barabara utaona kibanda cha mabati kilichozungukwa na matairi. Hicho ndicho kibanda cha Hezekiah Kipkemoi. Ameziba matairi hapo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na madereva wa malori wanamjua kuliko wanavyowajua mashemeji zao.

Sasa, ukutani kwa Hezekiah kuna matairi mazuri ambayo hayauzwi. Hayo ni ya inspekshen. Dereva mwenye matairi yaliyoisha hadi kuwa vipara hufika asubuhi, anafungiwa mazuri, anakwenda kukaguliwa, anapita. Jioni anayarudisha, anafungiwa vipara vyake, na kila mtu anarudi kwake akiwa na amani. Ukimwambia Hezekiah kwamba huo ni wizi, atakuangalia kama mtu uliyemtukania mama.

"Mimi siuzi uongo," husema. "Mimi nakodisha ukweli wa siku moja."

Basi mwaka jana mgongo ulimsumbua. Mkewe, Jepkemboi, alimvuta hadi hospitali mjini Nakuru akidhani ni mawe ya figo. Wakampiga picha ya tumbo. Mawe hayakuwepo. Kilichoonekana ni mshipa mkubwa wa damu, ule unaoshuka kutoka moyoni na kupita tumboni: umevimba upande mmoja kama nyoka aliyemeza yai.

Daktari wa upasuaji, Ogola, hakumzungusha.

"Mzee, huu ukipasuka, hata ukiwa umesimama hapo mlangoni petu, huenda tusikuwahi."

"Na usipopasuka?"

"Usipopasuka utakufa na uzee kama watu wengine. Shida ni kwamba wako si mkubwa wa kunifanya nikukate leo, wala si mdogo wa kunifanya nikuambie uende nyumbani ulale. Nataka Nazneen auangalie kwanza."

Nazneen alikuwa injinia, binti ya Shabir yule wa duka la spea, ambako Hezekiah amenunua viraka vya tairi tangu msichana huyo akibebwa mgongoni. Siku hizi kazi yake ni kuchukua picha za mgonjwa na kuujenga mshipa wake upya ndani ya kompyuta, kisha kuutia presha ya damu na kupiga hesabu ukuta wake unavutwa wapi na kwa nguvu gani.

"Ukubwa peke yake hautoshi, mzee," alimweleza. "Kuna uvimbe mdogo unaopasuka, na kuna mkubwa unaokaa miaka bila neno. Picha yako ninayo. Kilichobaki ni presha. Na nataka presha yako ya kazini, ya siku nzima. Ya hapa kwa kiti hainisaidii."

Akampa kimashine cha kufunga mkononi, kinachojijaza upepo na kujipimia chenyewe kila baada ya muda, mchana na usiku.

"Na kompyuta ikisema ukuta umechoka?" Hezekiah aliuliza.

"Ogola atakufanyia upasuaji."

Hezekiah akainuka. Mtu huyu amewahi kuingia chini ya trela lililosimama kwa jeki moja, lakini kisu cha daktari anakiogopa kama paka anavyoogopa maji. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa kimya, na Jepkemboi akadhani anaomba.

Hakuwa anaomba. Alikuwa anafikiria Levis.

Levis ni askari wa usiku kwenye yadi ya mbao, ng'ambo ya barabara. Ni mtu mwembamba, mpole, asiye na haraka na dunia. Kuku akipita juu yake hasemi kitu. Mchana kutwa hulala nyuma ya mbao, na hata lori likipiga honi sikioni hageuki.

Hezekiah alimkuta anapiga miayo.

"Levis, lete mkono."

"Wa nini, mzee?"

"Nauazima. Kesho utarudishiwa."

Akamfunga kimashine. Kikajijaza, nguuu, Levis akaruka.

"Mzee, hii kitu inaniminya!"

"Ikikuminya nyamaza, itaachilia. Chapati na maharagwe ni juu yangu."

Kwa chapati, Levis angekubali kufungwa hata mkanda wa feni ya lori. Akalala. Hezekiah naye akavaa sweta la mikono mirefu ili mkewe asione mkono mtupu, akarudi kugombana na madereva siku nzima kwa sauti inayofika Molo.

Siku ya majibu walikwenda wote wawili, yeye na Jepkemboi. Nazneen akawageuzia kioo cha kompyuta. Palikuwa na mshipa wa Hezekiah, unazunguka polepole, wote bluu kama sare ya shule.

"Bluu ni ukuta uliotulia," Nazneen alisema. "Ungekuwa unavutwa sana ungeona nyekundu. Nimeshangaa, mzee. Una presha ya mtoto! Nitamshauri daktari tusubiri, tupige picha nyingine baada ya miezi kadhaa."

Jepkemboi aliinua mikono juu. "Mungu ni mwema!"

"Wakati wote," Hezekiah aliitikia, akavuta kofia kufunika macho.

"Lakini ngoja nikuonyeshe kitu," Nazneen akaendelea, "ndiyo usije ukachezea dawa ya presha aliyokuandikia daktari. Mshipa ni ule ule, sijaugusa. Nabadilisha presha tu. Naweka ile uliyokuwa nayo siku ya kwanza hospitalini."

Akabonyeza. Bluu ikapauka, ikawa kijani, ikawa manjano, kisha nyuma ya uvimbe, mahali ambapo ukuta ulikuwa umejipinda ghafla, pakawaka nyekundu kama pilipili.

"Ungepasuka, ungeanzia hapo."

Hezekiah aliangalia pale penye nyekundu. Alijua jinsi alivyowapigia kelele madereva siku ile kimashine kilipokuwa kwa jirani, na jinsi mishipa ya shingo ilivyokuwa imesimama. Jasho likamtoka chini ya kofia. Angeweza kunyamaza, akaenda nyumbani na bluu yake. Hakuna ambaye angejua.

"Hiyo ya kwanza," alisema taratibu. "Hiyo bluu. Ulisema ni ya nani?"

"Yako, mzee."

"Si yangu. Ni ya Levis."

"Levis ni nani?" Nazneen aliuliza.

Jepkemboi alikuwa ameshageuka na kiti chake kumkabili mumewe. "Levis askari? Levis wa mbao? Baba Chepkorir, umekodisha mkono?"

"Niliazima."

"Ungekufa! Ungekufa, nikuzike na afya ya Levis!"

Nazneen alijikaza asicheke, akashindwa. "Kumbe! Ndiyo maana presha ilikuwa inapanda usiku na kulala mchana. Nikasema labda mafundi wa barabara kuu ndivyo mlivyo." Kisha kicheko kikamwisha usoni. "Mimi pia nilikosea, ningeuliza. Lakini mzee, ningemwambia Ogola asubiri, na yeye angesubiri. Unaelewa ungekuwa unasubiri nini?"

"Naelewa."

"Funga sweta, twende," Jepkemboi akasema. "Hiyo mashine nitaivalisha mimi."

Na aliivalisha. Alikaa kibandani siku nzima na kitambaa cha kufuma, kama polisi wa kizuizi cha barabarani. Dereva mmoja wa trela alikataa kuamini kwamba rimu yake imepinda, Hezekiah akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na katikati ya maneno hayo kimashine kikajijaza.

"Yaseme yote," Jepkemboi akamhimiza. "Usibakishe. Leo tunataka ukweli."

Levis alipita kuuliza kama leo mkono wake hautakiwi. Alifukuzwa kwa sindano ya kufumia.

Majibu yaliporudi, bluu ilikuwa kidogo. Ogola alisema hatasubiri. Ataingiza bomba la kitambaa ndani ya mshipa, damu ipite humo, ukuta uliochoka upumzike.

"Kuna hatari," alisema, "siwezi kukuficha. Lakini nyuma ya huo uvimbe kuna hatari kubwa zaidi."

Hezekiah alimwangalia Nazneen. "Kompyuta yako inasema nitaamka?"

"Kompyuta yangu inajua ukuta tu, mzee. Haijui kuamka."

Akavua kofia, akaiviringisha mikononi. Kisha akampa Jepkemboi kofia ile, akasema sawa.

Jepkemboi alingoja kwenye benchi la korido hadi chai ya thermosi ikapoa bila kuguswa. Mlango ulipofunguliwa, hakumtazama Ogola usoni, alitazama mikono yake. Ogola akanyanyua kidole gumba.

Hezekiah alifumbua macho wodini, akaomba chai ya majani mengi na sukari ya kusimamisha kijiko. Nesi akamletea uji usio na sukari. Akauonja. Akauliza ni nani aliyeupika, amejifunzia wapi, na kama kwao hakuna watu wa kumwonea aibu. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Nje, kwenye korido, Jepkemboi alisikia. Akamimina chai yake baridi kwenye kifuniko, akainywa yote.