Nilivyompelekea Mzee Seif theluji ya Kilimanjaro kwenye themosi

Wakuu, salamu kutoka Busia, upande wa Kenya. Mimi ni mzee sasa, na akaunti hii nimefunguliwa na mjukuu. Kisa hiki sikukitia chumvi. Kingekuwa nayo, ningeonekana wa maana zaidi.

Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga, shule yetu iliambiwa itoe kijana mmoja aende kozi ya ukakamavu chini ya Kilimanjaro. Nikachaguliwa mimi kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa kwenye mdahalo.

Kozi yenyewe ilikuwa maji ya baridi alfajiri, mzigo mgongoni kama punda, na kulala porini peke yako na njiti chache za kiberiti. Kule Angurai, wilayani kwetu, vijana walifanya hayo yote wakichunga ng'ombe, ila hakuna aliyewapa beji.

Sasa, mtaani Burumba, hapa Busia mjini, kulikuwa na mwenye duka, Mzee Seif. Ujanani aliendesha lori hadi Moshi, akaiona theluji kwa macho yake. Wateja walimcheka miaka nenda miaka rudi. Maji yagande huku jua linawaka? Wakampa jina, Mzee Barafu.

Aliposikia naenda huko, aliniazima themosi yake mpya. Akasema niijaze theluji, watu hawa wanyamaze.

Wakuu, theluji niliiona. Nyeupe, kama unga uliomwagika juu ya paa. Niliiona nikiwa nimeinama natapika. Kichwa kilinipasuka, nikarudishwa chini, wenzangu wakaendelea.

(Beji walinipa. Walimpa kila mtu ambaye hakufa.)

Themosi nilikuja kuikumbuka basi la kurudi nyumbani liliposimama Bumala, karibu tufike Busia, imekauka kabisa. Nikashuka kwenye kijito kando ya barabara, nikaizamisha ikajaa. Nilijiambia theluji ingekuwa imeshayeyuka hata hivyo, na maji ni maji.

Dukani watu walikuwa wamejaa hadi nje. Mzee Seif alivaa kanzu safi, na juu ya kaunta kulikuwa na bakuli jeupe. Nikahutubia kuhusu kilele na upepo wake kama mtu aliyezaliwa huko. Nikasikitika kwamba theluji imeyeyuka njiani.

Mzee akamimina polepole.

Bakulini akaogelea kiluwiluwi.

Mama Nekesa, muuza dagaa wa omena pale mlangoni, akainama akamtazama vizuri. "Kijana, huyu mtoto wa chura mlipanda naye?"

"Mwache, mama," mtu akajibu kutoka nyuma. "Pengine yeye ndiye alifika juu."

Duka zima likacheka, isipokuwa mwenye duka. Alifuta kaunta, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini theluji uliiona?"

"Niliiona, mzee."

"Basi waambie."

Nikawaambia. Hakuna aliyeniamini. Hata mimi nisingejiamini.

Jina la Kiluwiluwi lilinifuata hadi nikaoa, na nililistahili. Kinachoniuma ni Mzee Seif. Alingoja shahidi miaka mingi, akapata mimi. Alifunga duka akahama, na siku anapakia mizigo bado walimwita Mzee Barafu.

Somo langu ni fupi: ukitapika, sema ulitapika. Ningesema nilirudi njiani lakini niliiona, huenda hata mmoja angeniamini, na huyo mmoja angemtosha yule mzee.

Haya, mliopitia kozi hizi semeni ukweli hapa chini. Mlifika kileleni, au mlifika Bumala?