Wimbo wa Dakika Kumi na Moja

Ukijumlisha kila kitu, ule wimbo ulinigharimu ng'ombe jike mmoja mwenye afya, jozi moja ya vitenge, blanketi moja zito na miezi mitatu ya kutengwa na meza ya Bwana, na hapo sijaweka fedheha, kwa sababu fedheha haina kipimo na kitu kisicho na kipimo mimi sikijui bei yake. Nimehesabu mara mbili, jibu ni lile lile. Wapo watakaosema mtu mzima mwenye watoto na banda la mitumba sokoni Tukuyu angenyamaza tu, lakini hadithi hii mjini inasimuliwa tayari, tena na watu ambao hawakuwepo, na wengine wameongeza kwamba nilicheza nikaanguka. Sikuanguka. Afadhali ningeanguka, ningepata sababu ya kushuka.

Ilikuwa ile miaka ambayo soko huria lilikuwa limepanda mpaka kwetu milimani, kila mtu kawa mfanyabiashara, bia zinakuja za majina ambayo hata mhudumu hawezi kuyatamka, na mimi nauza masweta ya mitumba (Tukuyu mvua inanyesha mpaka inasahau kuacha, kwa hiyo sweta halikosi mtu). Basi Gwamaka, mwenye baa ya kule juu ya mteremko wa kanisa, akarudi kutoka Dar na televisheni, deki, spika mbili kubwa na neno jipya: karaoke. Alitueleza kwamba muziki unapigwa bila mwimbaji, halafu mwimbaji ni wewe. Nikamheshimu papo hapo. Mteja ananunua kinywaji, halafu mteja huyo huyo ndiye anayetumbuiza. Sisi wa mitumba hatujafika huko, mtu anunue sweta halafu alifume mwenyewe.

Bango likaandikwa Usiku wa Karaoke, Jumamosi, saa tisa alasiri. Usiku wa saa tisa alasiri, ndiyo, kwa sababu umeme ulikuwa wa mgao na jenereta alikuwa ameliazima, linatakiwa kwenye harusi jioni.

Sasa lazima mjue mimi wakati huo nilikuwa katika hali gani. Nilikuwa namposa Atuganile, aliyekuwa anafanya kazi kiwanda cha chai, binti wa Mzee Ambakisye wa Nkunga. Mzee Ambakisye ni mzee wa kanisa, mtu ambaye ukikohoa mbele yake unahisi umetenda dhambi. Alianza na ng'ombe sita. Mimi na baba yangu mdogo tukakaa naye vikao vitatu, tukasifia migomba yake, tukasifia kahawa yake, tukakubali chai isiyo na sukari, tukamshusha mpaka wanne, na siku ya kuwapeleka ikawekwa Jumamosi inayofuata ile ya karaoke. Kikao cha mwisho alinikazia macho.

"Kijana, pombe unakunywa?"

"Hapana, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Vizuri. Nyumba hii chupa haiijui."

Kutoka sita mpaka wanne. Naomba mkumbuke hiyo hesabu, maana ndiyo niliyoingia nayo baa kwa Gwamaka mchana ule, kifua mbele, nimevaa sweta bora kuliko yote bandani, nikamkuta Atuganile na wenzake wawili wa kiwandani wameshakaa na soda zao.

Utaratibu ulikuwa chupa mbili, wimbo mmoja. Soda au bia, Gwamaka hakubagua. Ukishanunua unaletewa daftari kubwa alimoandika nyimbo zote kwa mkono, jina la wimbo, maneno yake, na pembeni dakika zake (alikuwa anapiga mahesabu ya mafuta ya jenereta, maskini). Kulikuwa na za kizungu za kubembeleza, kulikuwa na taarabu, na mwishoni kulikuwa na za dansi ambazo fundi mmoja huko Dar alizifuta sauti za waimbaji kwa utaalamu anaoujua mwenyewe.

Atuganile akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza. "Chukua huu wa mapenzi. Dakika tatu. Unaimba, unashuka, tunakupigia makofi."

"Dakika tatu kwa chupa mbili?" nikasema. "Angalia huu wa dansi. Kumi na moja, kwa chupa zile zile."

"Asajile, hununui kitambaa."

"Ndiyo maana kitambaa wanapima kwa mita. Hapa mtu amesahau kupima."

Wenzake wakacheka, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani wanacheka pamoja na mimi. Gwamaka naye akajaribu kuniokoa, ingawa alidhani anaokoa mafuta.

"Ndugu yangu, huo mrefu mno."

"Umeandika chupa mbili wimbo mmoja. Umeandika urefu?"

"Sijaandika."

"Basi weka."

Huo ndio uamuzi wenyewe. Wengine wanachagua wimbo kwa ajili ya sauti yao, wengine kwa ajili ya mpenzi wao. Mimi niliuchagua kama mtu anavyochagua mkungu wa ndizi, kwa kuunyanyua nione uzito. Dakika nilizisoma mara mbili. Maneno sikuyasoma hata mara moja.

Jukwaa lilikuwa kreti za soda zilizopangwa na kufunikwa mbao, kwa hiyo ukisimama juu yake unakuwa mrefu kuliko watu wote wa Rungwe. Nikaimba beti za mwanzo bila matatizo. Sauti yangu si mbaya, ni ile ya kumwita mteja ambaye ameshavuka barabara, na watu walianza hata kutikisa vichwa. Dakika tatu zikapita, nikasikia magitaa yanakolea, nikatazama daftari nione ubeti unaofuata, nikakuta Gwamaka ameandika neno moja tu: sebene.

Hapo ndipo nilipogundua nilichonunua. Katika zile dakika kumi na moja, sita katikati zilikuwa magitaa matupu.

Sijui kama umewahi kusimama juu ya kreti, mbele ya mchumba wako na watu wapatao arobaini (arobaini na mbili), ukiwa umeshika maiki na huna la kuiambia. Dakika ya kwanza unatabasamu. Unatingisha mguu. Unatazama saa ambayo hukuvaa. Atuganile alikuwa amejifunika uso kwa kiganja, lakini vidole ameviachanisha, anaona. Nikakumbuka kwamba waimbaji wa dansi wa kweli, sebene likifika, wanataja majina. Wanamtaja bosi fulani, wanamsifu, bosi anainuka anawatuza. Nikaona hapo kuna kazi ya kufanya.

Nikamtaja Gwamaka, watu wakapiga makofi. Nikawataja warembo wa kiwanda cha chai, wakapiga kelele. Mambo yakaninogea. Na kwa kuwa nilikuwa mrefu, nikawa naona ng'ambo ya ukuta wa mabanzi uliotenga ile kona ya nyuma, kona ambayo walioko chini hawaioni kabisa, na ndiyo sababu waliokuwa kule walikuwa wameichagua. Nani amekaa pale, koti refu, kofia mpaka kwenye nyusi? Baba mkwe wangu mtarajiwa.

Mtu mwenye akili angegeuza macho. Mimi niliona ng'ombe. Nikawaza hivi: mzee kaja mwenyewe, kastarehe, nikimsifu mbele ya watu roho yake italainika, na roho ikilainika wanne wanaweza kuwa watatu. Nawaapia nilikuwa najadili bei.

"Namwona baba yangu, Mzee Ambakisye wa Nkunga, mzee wa kanisa letu, yuko kule kwenye kona, meza yake imechangamka. Chupa nne. Hapana, tano. Samahani, baba, sita, moja iko chini ya meza."

Ndiyo. Nilizihesabu mara mbili, kwenye maiki.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba Gwamaka, ili mji wote ujue kuna karaoke, alikuwa amefunga spika la honi juu ya paa, na kwa kuwa upande wa sokoni mvua ilikuwa inalipiga, alikuwa ameligeuzia upande wa pili. Upande wa pili ni mteremko, na chini ya mteremko ni kanisa, na kanisani Jumamosi alasiri kwaya ya akina mama inafanya mazoezi. Sauti ya kwanza, mstari wa mbele, ni Mama Atuganile, ambaye asubuhi ile aliambiwa na mumewe kwamba anakwenda Lufingo kumwona mgonjwa.

Kule nyuma ya mabanzi mzee hakusogea. Nadhani aliamua kwamba asiposogea hayupo. Atuganile alikuwa ameshatoa kiganja usoni, ananitazama kama mtu anayetazama nyumba inayoungua na anajua ni nani aliyeacha kiberiti. Na magitaa yanaendelea. Nikataka kushuka, lakini ngazi ilikuwa kreti moja na juu yake amekaa mtu, na kusema ukweli (aibu nyingine hii) nilikuwa nimebakiwa na dakika nyingi nilizokwishalipia.

Kwenye dakika ya nane, mlango ukafunguka. Akaingia Mama Atuganile na sare yake ya kwaya, mwavuli mkononi, na akina mama wawili nyuma yake. Hakugomba. Alipita katikati ya watu taratibu, akamsalimia kila aliyemsalimia, akazunguka ukuta wa mabanzi, akavuta kiti, akakaa karibu na mumewe, akamwita mhudumu.

"Nipe soda ya moto. Na Baba Atuganile muongezee anachokunywa."

Kisha akaninyanyulia uso. "Gwe mkwe, mbona umenyamaza? Endelea, wimbo haujaisha."

Haukuwa umeisha kweli. Kulikuwa na ubeti wa mwisho, wa dakika mbili, na nilipofunua ukurasa nikaanza kuusoma huku naimba ndipo nikaelewa wimbo wote ulikuwa unahusu nini: mwanamume anaaga nyumbani kwamba anasafiri, kumbe safari yenyewe inaishia mtaa wa pili. Niliimba mstari wa kwanza. Nikatazama wa pili, ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Nikafungua mdomo, na jenereta likazima.

Gwamaka mpaka leo anasema mafuta yaliisha. Simwamini, lakini simuulizi. Ukimya ulioingia humo ndani ulikuwa wa kusikia mvua juu ya bati, na katikati ya ukimya huo sauti ya Mama Atuganile, ya upole kabisa:

"Baba Atuganile, Lufingo wanasemaje? Mgonjwa amepata nafuu?"

Jumatatu baba mdogo akaniletea habari: ng'ombe wamerudi kuwa sita, na baraza la wazee wa kanisa linataka maelezo. Jumanne Mzee Ambakisye akaniita Nkunga, peke yangu, tukasimama kwenye migomba. Hakunisalimia.

"Mimi nitawaambia wazee kwamba nilipita njia, nikasikia sauti ya mkwe wangu baani, nikaingia kumtoa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Zile chupa zilikuwa za nani?"

"Zako, baba."

Akanitazama mpaka nikasikia maji yanadondoka kwenye majani. "Zilikuwa za nani?"

"Zangu."

"Ngapi?"

"Sita."

"Mbili. Mtu wa chupa sita simpi binti yangu."

"Mbili, baba. Na ng'ombe?"

"Sita."

"Baba, chupa umezishusha, na ng'ombe washuke. Wanne."

Nadhani alitaka kucheka, maana alijifanya anakagua mgomba. "Watano," akasema, "na mama yake umtafutie vitenge na blanketi zito, amekaa baa kwa ajili yako na baridi ile."

Kwa ajili yangu. Basi Jumapili mimi, ninayehesabu kila kitu mara mbili, nikasimama mbele ya wazee wa kanisa nikahesabu vibaya kwa makusudi, nikasema chupa mbili, zangu, za bia, na bia yenyewe sijawahi kuionja. Wakanitenga miezi mitatu. Mzee Ambakisye ndiye aliyefunga kwa maombi, akaniombea niache pombe, akaomba kwa machozi. Mama Atuganile, aliyekuwa benchi la mbele, alisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote, na akamtazama mumewe.

Atuganile nilimuoa. Siku ya kwanza nyumbani aliniambia sharti moja tu, nisiimbe, na sijaimba. Hata kanisani nafungua mdomo na kufunga, sauti haitoki. Ng'ombe wa tano amezaa mara mbili kule Nkunga, nikipita nawahesabu ndama wake kwa mbali, si wangu.

Lakini liko jambo moja linanisumbua, na ndiyo maana nimeandika. Mimi nililipia dakika kumi na moja, jenereta lilizima kwenye ya tisa na kidogo. Gwamaka ana deni langu la karibu dakika mbili, na muungwana yule halikatai, anasema niende siku yoyote nizimalizie, daftari lipo na spika lipo. Nilimgusia baba mkwe kwa utani tu. Akaniambia nikiumaliza ule ubeti, yule ng'ombe wa sita bado yumo kwenye hesabu zake.

Nyinyi mnaojua biashara, nishaurini. Nimdai Gwamaka dakika zangu, au nimsamehe?