Wembe wa Ngaramtoni

Mzungu aliyekuwa mkuu wa ghala letu la kahawa hakuwa na ugomvi na mwandiko wangu. Ugomvi wake ulikuwa na kidevu changu. "Karani anyoe ndevu kila siku," aliniambia Ijumaa moja mbele ya wapagazi, "la sivyo Jumatatu asije." Ndevu zenyewe zilikuwa hapa zipo, pale hazipo, na kusema kweli hata mimi sikuzipenda. Lakini mshahara wangu ulikuwa na wenyewe kabla haujanifikia mkononi: kodi ya kichwa, chumba changu cha Kimandolu, na sukari na chumvi ya kumpelekea mama Nkoaranga kila mwisho wa mwezi. Nyembe za paketi zilikuwa anasa. Kinyozi wa kila siku ndiyo usiseme.

Kazi ile niliing'ang'ania kuliko ilivyostahili. Niseme hili mapema, maana ndilo linaloniuma mpaka leo. Baba alipofariki nilikuwa na miezi mitatu tu pale ghalani, msimu wa kahawa umepamba moto, na nikakosa kuzika. Nilipanda nyumbani baada ya wiki mbili. Kwetu, siku ya kuanua matanga, watoto wa marehemu hunyolewa nywele zote mpaka kichwa king'ae. Mchungaji hakuipenda sana desturi hiyo, lakini hakuikataza. Kaka zangu wote walikuwa na vipara, nami nikaingia uani nywele zimechanwa na kugawanywa njia katikati. Mama alinipa chakula. Hakunigombeza hata kidogo. Ila tangu siku hiyo aliongea nami kwa adabu nyingi mno, kama anavyoongea na mgeni wa kanisani, na kila nilipoaga alinishukuru kwa sukari. Afadhali angenitukana.

Basi, wembe. Niliununua Ijumaa ileile mchana, nilipotumwa Ngaramtoni kupeleka magunia. Ulikuwa wembe wa kukunja, mpini wake wa pembe, na mzee aliyetandika vyuma chakavu kwenye ngozi ya mbuzi aliniambia kwamba wembe ule utanizika. Nikadhani anausifu.

Jumamosi kazi iliisha saa sita mchana. Nilichagua siku hiyo kwa akili zangu zote, ili mikato ipate Jumapili nzima ya kukauka. Nilishawahi kumwona kinyozi wa mjini akisugua wembe kwenye mkanda wa ngozi, kwenda na kurudi, shwa, shwa. Nilichokuwa sijaona ni kwamba mgongo wa wembe ndio unaotangulia, makali yanafuata nyuma. Mimi nikatanguliza makali. Nilikuwa nimeufunga mkanda wa suruali yangu kwenye komeo la mlango, mkanda wenyewe ndio huo mmoja, na niliposukuma mara ya nne ukabaki vipande viwili. Suruali nikaifunga kwa kamba ya mgomba, nikaendelea.

Povu nililipata kwa sabuni ya mche ya kufulia. Kioo changu kilikuwa na ukubwa wa kiganja. Nikaanza kidevuni kwenda juu, kinyume na ndevu zinavyoota, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kung'aa. Wembe haukukata, uling'oa. Machozi yalinitoka, na damu ikanitoka sehemu nne. Hata hivyo kidevu kilipona. Kilichoniponza ni pale ndevu zinapokutana na nywele. Upande wa kushoto ukapanda kuliko wa kulia. Nikausawazisha wa kulia, ukaupita wa kushoto. Nikarudi kushoto. Nilipokuja kushtuka nilikuwa juu ya masikio pande zote mbili, na katikati kumebaki kishungi cha jogoo. Sasa hapo ungefanya nini? Nilikinyoa kichwa chote, kwa hasira, huku nikimlaani mzee wa Ngaramtoni.

Nakuapia, sikuwaza msiba hata kidogo.

Jumapili nilipata lori mpaka njia panda, kisha nikashika njia ya mguu kupanda mlima, sukari na chumvi begani. Mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa anatoka kanisani, alisimama aliponiona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole. Umefanya vizuri sana."

Nikadhani ananipa pole ya mikato. Hilo la kufanya vizuri sikulielewa, lakini kilima kilikuwa kikali, nikaliacha.

Mama alikuwa uani akichambua maharage. Aliinua macho, akasimama ghafla, na maharage yote yakamwagika. Alikuja akaniwekea mikono miwili kichwani.

"Umemnyolea baba yako," alisema. "Nilijua tu. Niliwaambia kaka zako, mwacheni, walimnyima ruhusa wale, lakini atakuja kumnyolea."

Akalia, na mimi akanikumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Ningenyamaza tu, yangeisha palepale. Nilitamani kunyamaza, sikufichi. Lakini mikono yake ilikuwa bado kichwani kwangu, na sikuweza.

"Mama, sikumnyolea baba. Nilikuwa nanyoa ndevu, nikajiharibu."

Mikono ikashuka. "Hukumkumbuka?"

"Sikumkumbuka." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamaliza. "Na ruhusa hawakuninyima. Sikuomba. Niliogopa kufukuzwa."

Aliketi kwenye kigoda. Kuku wakaja kwenye maharage, hakuwafukuza. Nilisimama pale nikisubiri aniambie niondoke, na ningeondoka.

"Huo wembe uko wapi?" aliuliza mwishowe.

Niliutoa mfukoni. Aliupitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, akaguna. Mama ndiye aliyekuwa akinyoa wanawake na watoto wa ukoo wetu, wembe mbaya aliujua kwa kuugusa. Alikwenda kwenye jiwe la kunolea, akaunyunyizia maji, akaunoa taratibu, kisha akamalizia kwenye kiganja chake kigumu cha jembe.

"Aliyefiwa hajinyoi mwenyewe," alisema. "Kaa chini. Huku nyuma umebakiza."

Kweli nilibakiza, kwenye kisogo, mahali ambapo kioo changu hakikufika. Akakilowesha kwa maji ya kibuyu, akanyoa. Sikusikia maumivu yoyote. Alipomaliza aliziokota zile nywele chache, akazifunga kwenye jani, akatangulia kuelekea migombani, lilipo kaburi la baba.

"Njoo," alisema bila kugeuka, "umwambie mwenyewe kwamba hukuomba."

Nilimwambia. Ilinichukua muda mrefu, na mama alisimama kando yangu mpaka nikamaliza.