Miamoo Haikuishia Pale

Mwaka ule wimbo mmoja wa Kihispania uliingia Kaloleni, mtaani kwetu Nairobi, ukakataa kutoka. Mwimbaji alianza polepole, kama mtu anayebembeleza mlangoni, gitaa likimfuata nyuma. Kisha ngoma na kayamba ziliingia, tarumbeta zikalia, na hata waliokuja kuchota maji bombani wakajikuta wanatikisa kiuno. Maana yake hatukuijua. Tulishika neno moja tu, tena tulilishika vibaya: miamoo. Basi wimbo ukaitwa Miamoo, na watoto wakaurukia kamba.

Santuri yake nilikuwa nayo mimi. Dada yangu mkubwa aliniachia alipoolewa, santuri ndogo, pamoja na kinanda chake cha kupigia santuri. Wakati huo nilifanya kazi kwenye mashine za kusokota katika kiwanda cha nyuzi kule Baba Dogo, na mchumba wangu alikuwa karani wa stoo humo humo. Jioni alikuja kwetu, mama akasogeza viti ukutani, tukacheza. Alijua kuvaa, lakini miguu ilikuwa mizito. Hatua zote nilibuni mimi: jinsi ya kuteleza pembeni, jinsi ya kunizungusha ngoma zinapoingia, na wimbo ukikatika, kuinama mbele ya watu kama waungwana. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya bugi, ile densi ya alasiri, katika ukumbi wa mtaa baada ya Krismasi.

Siku moja aliniomba santuri.

"Niisikilize nikiwa peke yangu," alisema. "Nataka niishike vizuri."

Nikampa. Baada ya hapo hakuja tena. Habari nilizipata kiwandani, kwa mama mmoja niliyefanya naye kazi mashine moja.

"Karani wako anashinda Buruburu," aliniambia. "Kwa binti wa meneja wa mauzo. Wanafanya mazoezi ya Miamoo."

"Na santuri yangu?"

"Kwani ya nani mwingine? Na kuna jambo amesema, afadhali ulisikie kwangu. Ameulizwa mbona amekuacha. Akasema amechoka na msichana anayenuka grisi, nywele zimejaa pamba."

Sikulia. Nilirudi kwenye mashine nikaunganisha nyuzi zilizokatika, na hasira ikatulia ndani yangu kama uji uliopoa. Sikutaka arudi. Nilitaka aaibike mbele ya watu, akiwa amevaa suti yake nzuri.

Aliyepiga santuri kwenye bugi alikuwa jirani yetu. Jumamosi nilimkuta mlangoni pake akipangusa santuri kwa kitambaa, mkewe akichambua mchele. Nilimwomba Miamoo, nifanye mazoezi kidogo. Akatoa santuri kubwa aliyoletewa kutoka Mombasa. Nilicheza peke yangu hadi mwisho ninaoujua, muziki ukakatika, nikainama. Nikiwa bado nimeinama, ngoma zikarudi. Zilirudi kwa mwendo mwingine kabisa, wa haraka, wa kurushiana mabega, na mwimbaji yule yule aliyekuwa akibembeleza sasa alikuwa anatania.

"Kumbe hauishii hapo?" niliuliza.

"Kwenye santuri ndogo wameukata. Wenyewe ndio huu."

"Siku ya mashindano utapiga upi?"

"Wowote. Mchezaji hanichagulii."

"Basi piga huu, baba. Na usimwambie mtu."

Alinitazama. Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mpigie," alimwambia mumewe. "Maneno ya yule karani hata mimi nimeyasikia."

Nilibaki na shida ya mwenzi. Nikamwendea fundi viatu aliyekaa karibu na soko, mwanamume wa makamo aliyefiwa na mkewe, ambaye zamani alisifika kwa rumba. Alinisikiliza huku akishona soli.

"Unataka kucheza au unataka kulipiza kisasi?" aliuliza.

"Kulipiza."

"Vizuri. Mimi nitacheza, wewe ulipize."

Tulifanya mazoezi mlangoni pa jirani kila nilipotoka kazini, na sehemu ile ya pili tuliirudia hadi soli zikatulalamikia.

Siku ya bugi ukumbi ulijaa. Wenzangu wa kiwandani walikaa mbele. Karani alivaa suti ya rangi ya maziwa, binti wa Buruburu gauni la njano. Miamoo ilipoanza, niliona hatua zangu zikipita mbele yangu zimevaa viatu vya watu wengine. Kuteleza pembeni, kuzungusha, kila kitu. Watu wakawashangilia. Muziki ukakatika. Wale wawili wakashikana mikono, wakainama hadi chini.

Ngoma zikarudi.

Wale wachezaji wengine, ambao hawakuwa na mpango wowote, waliendelea kurukaruka tu. Fundi viatu alinishika kiuno tukaingia kwenye ule mwendo wa haraka kama watu wanaoingia nyumbani kwao. Karani aliinuka, akatazama kinanda, akamtazama binti. Alijaribu hatua za mwanzo, zikagongana na ngoma. Akamkanyaga pindo la gauni, gauni likafumuka kiunoni. Watu walicheka. Binti alilishika gauni lake akatoka nje, na karani akabaki katikati ya ukumbi, mikono imening'inia. Nilihakikisha tunapita mbele yake. Tulipita zaidi ya mara moja.

Alinifuata nje tulipomaliza.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ungeniambia."

"Kesho utaniletea santuri yangu langoni pa kiwanda, kabla king'ora hakijalia. Utanipa mbele ya wenzangu."

Aliileta. Wanawake wa mashine za kusokota walikuwa wamesimama pande zote mbili za lango, na hakuna aliyemsalimu. Niliipokea, nikaingia kazini.

Mama, ambaye hakukosa kanisa, aliniambia kisasi si kazi yetu. Nikamjibu kwamba hii niliifanya vizuri. Akaniomba nimwonyeshe jinsi fundi alivyonizungusha.

Tangu siku ile karani akipita kati ya mashine, wanawake walivumisha Miamoo midomo ikiwa imefungwa. Hawakumtukana, wala hawakumtazama. Ningeweza kuwaambia waache, maana walinisikiliza. Nilivumisha nao. Kabla ya mvua za masika aliomba uhamisho akapelekwa Thika, na siku aliyobeba sanduku lake kuelekea kwenye lori la kampuni, tulizima mashine zetu kwa muda mfupi ili atusikie vizuri.